Mstari wa Tano

Haya yalimkuta jirani yetu, tunayemwita Bi Waya, na mpaka leo yupo. Anayebisha aende akamuulize, mradi amkute siku ambayo anataka kuongea.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Bi Waya alikuwa anatoka kumuuguza binti yake aliyejifungua, begi bado liko begani, na badala ya kupitia nyumbani alinyoosha moja kwa moja hadi gatini kuangalia betri zake. Wavuvi walipomwona tu, midomo ikawawasha.

"Karibu, Bi Waya! Betri zimekonda kwa kukuwaza," alisema mmoja waliyemwita Kifua. "Hivi unavyozipapasa kila asubuhi, marehemu shemeji naye alikuwa anapapaswa hivyo?"

"Marehemu hakuwa na hatari ya kulipuka," alijibu Bi Waya. "Nipishe nipite."

Gati zima likaangua kicheko. Ndivyo walivyokuwa wakiishi. Boti ya Nahodha, mdogo wake Bi Waya, ilikuwa ya kwanza pale kuachana na mafuta na kwenda kwa betri za lithiamu, na wenzake wengi walizikwepa kwa hofu ya moto. Bi Waya hakuwa na hofu hiyo. Alikuwa ameshinda miaka kwenye karakana ya mumewe, akishika spana zaidi kuliko alivyoshika mwiko, kwa hiyo kazi ya kuzitunza ikawa yake.

Na alizitunza kweli. Hakuzichaji zikiwa bado na joto la safari. Hakuziacha zikauke chaji, wala hakuzijaza pomoni kisha zikae bure juani. Chumvi aliifuta kwa kitambaa kikavu, nati akazikaza kwa spana aliyoizungushia tepu mpini mzima isije ikapiga shoti. Mtu akitaka kuingiza mkono kwenye lile sanduku chini ya kiti cha nahodha, avue kwanza pete, saa, kila chuma alichovaa. Na amri aliyoirudia mpaka watu wakaichoka ilikuwa hii: betri ngeni isiingie humo. "Ukizifunga pamoja zinakula chungu kimoja," alikuwa akisema. "Akiingia mmoja mwenye njaa, anakula cha wenzake mpaka wote wakonde."

Nahodha mwenyewe aliyajua hayo tangu utotoni. Mama yao alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na Bi Waya ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kutembea, kuogelea na kuuheshimu umeme. Kwake yule alikuwa mdogo na mtoto kwa pamoja. Ungeweza kumtukana Bi Waya ukapona, lakini Nahodha usimguse.

Basi asubuhi ile akafunua sanduku, akaweka kiganja juu ya betri moja baada ya nyingine, kama kawaida yake. Tatu zilikuwa na uvuguvugu wa betri iliyotoka kwenye chaji. Ya pembeni ilikuwa baridi kama imetolewa kwenye barafu la samaki. Akaiinamia. Rangi yake ilikuwa mbichi, imepakwa harakaharaka, na kwenye kona moja ilikuwa imebanduka ikaonyesha rangi nyingine chini.

Akainuka kuangalia kipimo, kile kioo kidogo kando ya usukani. Kila betri ilikuwa na mstari wake humo: vijiti vya kijani vya kuonyesha chaji, na mbele yake namba ya joto. Betri nne, mistari minne. Siku hiyo ilikuwa mitano. Alidhani macho yamechoka kwa safari. Akakizima kipimo, akakiwasha tena. Mitano. Ule wa mwisho ulikuwa na vijiti vyake karibu vyote, na joto lake lilisomeka thelathini na saba.

"Nani kafungua sanduku langu?" aliuliza aliposikia hatua za mdogo wake nyuma yake.

"Dada, hata salamu?"

"Salamu utaipata. Nani?"

Nahodha akakuna kichwa. "Ile ya pembeni ilivimba. Si ulisema ikivimba itolewe? Nikaitoa, nikaifukia kwenye pipa la mchanga mkavu, vilevile ulivyonifundisha. Mpya ingechelewa, na samaki hawamngoji mtu."

"Na hii?"

"Kwa yule mzee wa vyuma chakavu. Ina nguvu hiyo, Dada! Utaona mwenyewe."

"Pete uliivua?"

Nahodha akaficha mkono nyuma. Bi Waya akamshika mkono, akaugeuza. Pete ya ndoa ilikuwa na alama nyeusi kama imelambwa na moto, na ngozi chini yake ilikuwa imeungua mviringo mzima. Wakati anakaza nati, pete iligusa kichwa kimoja cha betri na spana ikagusa cha pili.

"Cheche moja tu," alisema Nahodha, akijichekesha. "Nikarushwa, nikakaa chini kidogo, basi. Ila pete sasa imegoma kutoka. Usimwambie wifi yako."

Bi Waya alitaka kuitoa betri ile papo hapo. Lakini barafu lilishapakiwa, wavuvi walishapanda, na mdogo wake alimwomba kwa ile sauti yake ya kudeka. Safari moja tu, Dada, tukirudi fanya utakavyo. Mtoto akililia wembe mpe, wanasema. Akampa.

Waliondoka bahari ikiwa shwari. Boti haikuwahi kukimbia vile. Mota iliunguruma tangu asubuhi mpaka jua likaegemea, majokofu ya samaki yakigandisha, winchi ya nyavu ikivuta, na betri nne zilikuwa bado zimejaa kama hazijaguswa. Kifua alikuwa akipiga makofi. Bi Waya hakupiga. Alijua hesabu ya umeme: kinachotumika lazima kitoke mahali.

Akatazama kipimo. Mistari minne ilikuwa imejaa. Mstari wa tano ulikuwa umepungua.

Nahodha alikuwa ameketi kwenye usukani, kichwa kimelalia bega. Alikuwa mtu wa kuimba akiwa safarini, tena kwa sauti mbaya, lakini siku ile hata kuguna hakuguna.

"Umechoka?" alimuuliza.

"Usingizi tu."

Wavu ukakwama kwenye mwamba. Kifua akaiongezea winchi nguvu, ikalia kwa kishindo, na Nahodha akaporomoka kutoka kwenye kiti. Winchi ilipoachiwa akafumbua macho. Akauliza nani amemsukuma.

Wakati wa kurudi Bi Waya alishika usukani yeye. Wazo lilikuwa limemwingia, la kipuuzi, na aliona aibu hata kuliwaza. Akaongeza mwendo kidogo, akimwangalia mdogo wake. Midomo ya Nahodha ikapauka. Akaongeza tena. Kidevu kikadondokea kifuani, mikono ikalegea. Kwenye kioo, kijiti kimoja cha mstari wa tano kikazimika mbele ya macho yake, na ile namba ya joto ikashuka.

Akapunguza mwendo. Nahodha akavuta pumzi ndefu, akainua kichwa.

Walifika gatini kwa mwendo wa kobe, Kifua akilalamika njia nzima kwamba samaki wataoza, na hakuna aliyejua kwa nini mwanamke yule alikuwa akilia huku ameshika usukani.

Siku iliyofuata alimfuata mzee wa vyuma chakavu. Alimkuta ameketi katikati ya marundo ya feni na friji zilizokufa, akibandua shaba. Alipotajiwa betri ile, aliangalia kwanza kama mlango umefungwa.

"Mdogo wako alinisumbua," alisema kwa kunong'ona. "Nilimwambia hiyo si ya kuuzwa. Akanisumbua mpaka nikampa bure. Nilitaka iondoke kwangu."

"Imetoka wapi?"

"Kuna boti iliokotwa inaelea. Iliondoka na watu watatu. Ilipopatikana ilikuwa imepotea muda mrefu, chakula kilishaota ukungu. Hakuna mtu ndani. Nguo zao zipo, zimekaa kwenye viti. Taa zote zinawaka. Na betri zimejaa." Akasogea karibu. "Bahari nzima hiyo, nani alizichaji?"

"Kipimo chake ulikiona?"

Mzee akarudi kubandua shaba.

"Betri zilikuwa mbili," alisema mwishowe. "Kipimo kilikuwa na mistari mitano. Mitatu ilikuwa haina kitu."

Bi Waya alirudi gatini karibu anakimbia, na njiani alikuwa ameshakata shauri. Akavaa glavu, akavua hereni, akafunua sanduku. Nyumba ya Nahodha ilikuwa jirani na gati, mtu akiongea uani anasikika, na alimsikia wifi yake akiongea na mumewe uani. Alimsikia hata mdogo wake akicheka. Akashika spana, akalegeza nati ya betri ya pembeni. Akaunyanyua waya.

Kicheko kikakatika.

Kisha wifi akapiga yowe. Alikuwa akiita jina la mumewe, akiliita tena na tena, kama mtu anayegonga mlango. Bi Waya akatazama kioo. Mstari wa tano ulikuwa unapepesa, unakuja na kupotea.

Akarudisha waya. Akakaza nati, akakimbia na spana yake mkononi.

Nahodha alikuwa amelala uani, macho wazi, wifi amempakata. Alikuwa anapumua.

"Alianguka tu," wifi alilia. "Alikuwa anacheka, akaanguka. Moyo ulisimama, Wifi. Niliweka sikio hapa, ukawa haupigi."

Bi Waya alikaa chini. Betri ikibaki, itamnywa. Ikitolewa, itaondoka naye. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kutafuta waya mbovu na kuukata, na sasa alikuwa ameuona, anaujua, na hawezi kuugusa.

Hakumficha wifi. Alimweleza yote, kwa sauti ya chini, Nahodha akiwa amesinzia. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Mimi siwezi kuunganishwa badala yake?"

"Hapana. Usiseme hivyo tena."

"Nimeuliza tu, Wifi."

Walimpeleka hospitali. Daktari akampima damu, mkojo, kifua, akasema hana ugonjwa wowote ila amepungukiwa nguvu, ale vizuri apumzike. Wakampa uji, supu, mayai, matunda. Alikula kama anayebomoa nyumba, na akazidi kukonda. Walimfunika mablanketi jua la mchana likiwaka. Kila akishikwa alikuwa baridi, na baridi hiyo ilianzia kwenye kile kidole chenye pete.

Bi Waya alihamia kwenye boti. Alizima taa, majokofu, redio, akazima kila kilichozimika, akakaa juu ya sanduku kama kuku juu ya mayai. Asitoke mtu kuvua. Kifua alipokuja na maneno yake ya mzaha alimtazama mara moja tu, na Kifua akageuka akaenda zake. Lakini betri hata ikilala inajila kidogokidogo, hilo alilijua kuliko mtu yeyote pale. Kila alipokitazama kipimo, mstari wa tano ulikuwa umepungua. Alijaribu kuzichaji. Mistari minne ikafurika. Wa tano haukuongezeka hata chembe, na kutoka uani akasikia mdogo wake akilia kwamba anaungua. Akachomoa chaja.

Hapo ujanja wake ulikuwa umeisha. Alibaki kuomba, na hata kuomba kulimpa taabu, kwa sababu hakujua amwombee mdogo wake nini: abaki, au aondoke upesi.

Mstari wa tano ulipofikia kijiti cha mwisho, aliiacha boti akaenda kukaa naye. Ilikuwa adhuhuri, watoto wa majirani wanacheza nje, mtu anapika. Nahodha alikuwa amelala chali. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya mikono ya mkewe, mwingine kwa dada yake.

"Dada," alinong'ona.

"Niko hapa, baba."

"Nani kawasha mota?"

"Hakuna aliyewasha. Nimezima yote mwenyewe."

"Imewaka." Macho yake yalikuwa yanatazama dari. "Inakwenda mbali."

Bi Waya akasikiliza. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha akaisikia. Ilikuwa ikitoka gatini, taratibu, ile sauti nyembamba ya propela ikikata maji. Akatamani kukimbia akaizime. Mdogo wake akambana vidole.

"Usiende."

Hakwenda. Alibaki ameushika mkono ule, akausikia unapoa kuanzia vidoleni, kiganja, kifundo. Hakuweza kufanya lolote. Propela ikazunguka. Ikazunguka. Ikanyamaza.

Wifi alikuwa bado anamsimulia mumewe habari za jirani fulani, kwa upole, kana kwamba anasikilizwa. Bi Waya hakuthubutu kumkatisha.

Baadaye alikwenda gatini. Kamba zilizoifunga boti zilikuwa zimekazwa mpaka nyuzi zimeanza kukatika, kama vile boti ilikuwa inavuta kuondoka. Kwenye kioo mstari wa tano ulikuwa hauna kitu. Ile minne ilikuwa imejaa. Na betri ya pembeni, alipoigusa, ilikuwa na joto.

Aliitoa bila shida sasa. Haikuwa na kitu tena cha kushikilia. Akaifukia kwenye pipa la mchanga mkavu, akafunika, akalipeleka mbali na makazi ya watu, mahali ambako hata sisi majirani hajawahi kutuambia. Boti aliifungia. Mpaka leo imefungiwa.

Walimzika, watu wakalia, watu wakatawanyika. Bi Waya aliumwa, akawa hatoki kitandani, na alipopata nafuu kitu cha kwanza alichokumbuka ni wifi. Hakuwa amemwona tangu mazishi. Akajifunga kanga, akaenda.

Mlango ulikuwa wazi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu upepo uangushe nguzo, nyumba ina giza hata mchana. Alimkuta wifi chumbani, ameketi kitandani na sweta juu ya sweta, na nje jua lilikuwa kali watu wanatafuta vivuli. Alikuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Wifi yangu, unakula kweli?"

"Nakula sana," alisema wifi, akatabasamu. "Sijui kinakwenda wapi."

Kitandani, upande wa ukutani aliokuwa akilala Nahodha, shuka lilikuwa na bonde, na mto ulikuwa umebonyea katikati. Juu ya mto kulikuwa na simu ya wifi. Ilikuwa inawaka.

"Umeichajia wapi?" Bi Waya aliuliza. Sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Sijaichaji. Tangu tumzike sijaichomeka popote." Wifi aliigusa simu kwa ncha ya kidole, kwa mapenzi. "Nailaza hapo, nalala nimeishika. Nikiamka imejaa. Na pale alipolala panakuwa na joto, Wifi. Weka mkono uone. Nisipoishika, panapoa."

Bi Waya hakuweka mkono. Aliushika wa wifi, na ulikuwa baridi mpaka kiwikoni.

Akaitupa simu sakafuni. Akavuta shuka. Akanyanyua godoro, akapiga magoti akachungulia chini ya kitanda, akapapasa nyuma ya kabati, ukutani, kila pembe, vumbi likimjaa mikononi. Alikuwa anatafuta waya. Alitafuta mpaka pumzi zikamwishia, na hapakuwa na waya wowote.

Aliposimama, wifi alikuwa ameshaiokota simu, ameirudisha juu ya mto, na amejilaza kando yake.

"Ukitoka funga mlango, Wifi," alisema, macho yakiwa yamefumba. "Nasikia baridi."